Mbona Sisi Tulikunywa Tukakua?



Nilimwahidi mhariri makala juu ya pampu za maji zinazotumia nguvu za jua. Makala hiyo itakuja, inshallah. Leo naomba mnivumilie, maana kuna jambo limenikaa rohoni tangu majira ya baridi ya mwanzo wa mwaka 2025, na nadhani nyumba nyingi zetu huku ughaibuni zimekwisha kulipitia au zitalipitia. Jambo lenyewe ni maziwa.

Mama yangu, ambaye ana miaka sabini na minane, alikuja kututembelea hapa Coventry kutoka Tanga mwezi wa Novemba 2024, kwa viza ya miezi sita. Januari binti yangu akarudi kazini baada ya likizo ya uzazi. Mtoto wake, mjukuu wangu wa kwanza na kitukuu cha mama, alikuwa na miezi tisa. Ziwa la mama yake alilinyonya miezi mitatu tu, kwa sababu ambazo hazinihusu mimi wala ninyi, na tangu hapo alikuwa akinywa maziwa ya kopo. Tukapanga zamu: siku tatu mtoto aende kwa mlezi, siku mbili abaki nyumbani na Bibi. Kila mtu aliona ni neema. Ni wangapi kati yetu waliolea watoto huku bila bibi hata mmoja karibu?

Wiki ya pili binti yangu akarudi mapema. Jikoni akakuta chupa ya mtoto imo ndani ya bakuli la maji ya moto, na kilichomo ndani ya chupa si maziwa ya kopo. Yalikuwa maziwa ya ng'ombe, yale ya dukani ya kifuniko cha bluu, yamechemshwa, yametiliwa maji kidogo na sukari kidogo. Hakugomba. Alimsalimu Bibi, shikamoo, marahaba, akambeba mwanawe, akapanda juu. Jioni nilipofika akaniita pembeni akaniambia, "Baba, mwambie mama yako." Wenye watoto mtanielewa. Siku zote ni "Bibi". Ukisikia "mama yako", ujue mambo yameharibika.

Sasa, mama naye hakuwa amefanya jambo hilo kwa ujinga. Alikuwa na hesabu yake. Kila Jumamosi tulikuwa tukienda naye dukani, na kazi yake kubwa huko ilikuwa kugeuza bei kuwa shilingi. Kopo moja la maziwa ya mtoto, pauni 12 na kitu, aliliona ni karibu shilingi elfu arobaini, na kopo lenyewe ni la wiki moja au siku chache zaidi. Dumu la maziwa ya ng'ombe, zaidi ya lita mbili, lilikuwa pauni moja na nusu hivi. Alikuwa akimwonea huruma mjukuu wake anayeamka saa kumi na moja za alfajiri kwenda kazini ili akanunue unga. Na juu ya hesabu hiyo aliweka hoja ambayo kila mmoja wetu ameisikia, pengine ameitumia yeye mwenyewe: "Nimezaa saba. Wote mlikunywa maziwa ya ng'ombe. Wewe uliyanywa. Mbona umekua, ukasoma, ukaja huku ukawa injinia?"

Hoja hii ina nguvu kwa sababu ushahidi wake umesimama mbele yako una tumbo na mvi. Lakini mimi kazi yangu ni mabomba na pampu tangu nilipomaliza shahada yangu Glasgow, na hoja hii nimeisikia viwandani mara nyingi. Fundi mzee anakuambia, "Injinia, pampu hii ina miaka thelathini, haijapata kubadilishwa mafuta, na inafanya kazi." Mimi huwa namwuliza swali moja tu: mlinunua ngapi za namna hii? Hapo ndipo anakumbuka kuwa zilikuwa sita, na tano zimekwisha kwenda kwenye vyuma chakavu. Pampu iliyobaki haiwezi kukueleza habari za zile zilizokufa.

Na sisi tunaosema "mbona tulikua" ndio pampu zilizobaki. Katika Tanzania ya miaka ya 1970, zaidi ya mtoto mmoja katika kila kumi hakufika mwaka wake wa kwanza. Siku hizi ni chini ya wanne katika mia moja. Hao waliotangulia hawakufa kwa maziwa. Wengi walikwenda kwa homa, kwa kuharisha, kwa surua, kwa kifua. Lakini hawapo kwenye meza ya chai kutoa maoni yao, na hoja yetu inasimama vizuri kwa kuwa hawapo.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia mama hayo yote, na mfano wa pampu niliuona mzuri sana. Kisha nikakumbuka kitu ambacho kwa aibu yangu sikukikumbuka mwanzo. Mama alizaa saba. Tumekua sita.

*

Mdogo wangu alizaliwa mwezi wa Agosti 1975, Muheza, ambako baba alikuwa karani katika shamba la mkonge. Mimi nilikuwa na miaka sita. Alipotimiza miezi minne mama aliugua taifodi, akalazwa hospitalini mjini wiki tatu, na aliporudi maziwa yalikuwa yamekauka. Jirani alikuwa na ng'ombe. Mtoto akalelewa kwa maziwa hayo, yakichemshwa na kutiliwa maji na sukari, kama nesi wa zahanati alivyoelekeza. Akakua, akanenepa hata, lakini alikuwa mweupe wa viganja. Nakumbuka bibi yangu akimfunua kope la chini na kutikisa kichwa, akisema safura hiyo. Masika ya 1976 alipata homa, na siku ya tatu tukamzika. Hayo ndiyo ninayoyajua. Nyumbani kwetu hakutajwa tena, hata katika kuhesabiana watoto. Mama alikuwa akisema "saba", na wageni wakituona sita walidhani mmoja yuko safarini.

Sasa jiwekeni katika nafasi yangu. Nimetumwa nikamweleze mama kwa nini mtoto wa chini ya mwaka hapewi maziwa ya ng'ombe kuwa ndiyo kinywaji chake kikuu. Maelezo yenyewe, kwa wasiyoyajua, ni haya.

Kwanza, maziwa ya ng'ombe yametengenezwa kwa ndama, ambaye huongezeka uzito mara mbili katika mwezi mmoja na nusu hivi, ilhali mtoto wa binadamu huchukua kama miezi mitano. Kwa hiyo yana protini zaidi ya mara mbili ya ile iliyomo katika maziwa ya kopo, na chumvi nyingi pia, na mabaki ya hivyo vyote hutolewa na figo. Figo za mtoto ni kichujio kidogo. Siku ya kawaida zitaweza. Siku ya kuharisha na homa, maji yakipungua mwilini, zinalemewa. Pili, katika watoto wengine wachanga maziwa haya huchubua utumbo kidogo, damu ikapotea matone kwa matone bila kuonekana kwa macho. Tatu, na hili ndilo kubwa kwa mtoto wa miezi tisa, ni madini ya chuma. Mtoto huzaliwa na akiba yake ya chuma, nayo huanza kwisha kati ya mwezi wa nne na wa sita. Baada ya hapo anahitaji karibu miligramu 8 kwa siku. Lita nzima ya maziwa ya ng'ombe ina nusu miligramu au pungufu, na mwili hauichukui yote. Mtoto angetaka kupata chuma chake kwa maziwa hayo peke yake angekunywa lita kumi na sita kwa siku. Hata ndama angeomba radhi. Tena maziwa hushibisha, kwa hiyo akishakunywa hataki uji wala kunde. Anakuwa mnene na mweupe wa viganja.

Someni tena sentensi hiyo ya mwisho, muone nilivyokwama.

Nilianza na figo. Nikaenda vizuri, mama akinisikiliza huku akichambua mchicha. Nikafika kwenye damu. Nikasema, "Tena Mama, maziwa ya ng'ombe hayana chuma, na mtoto asiyepata chuma..." Akaacha kuchambua. Hakunitazama. Akasema, "Na mdogo wako?"

Nikasema, "Sijui, Mama."

Akarudia kuchambua mchicha. Akasema basi, mtoto ni wa mama yake, yeye hatampa tena, na hakumpa. Kazi niliyotumwa ilikuwa imekwisha. Nilimwambia binti yangu mambo yametengenezeka.

*

Swali langu la leo ni hilo "sijui". Lilikuwa kweli? Kwa upande mmoja lilikuwa kweli tupu. Muheza ya wakati ule ilikuwa na malaria ya kutisha, na malaria peke yake humaliza damu ya mtoto bila msaada wa ng'ombe. Hakuna kipimo kilichobaki, hakuna karatasi, na hata daktari bingwa akirudishwa kule leo hawezi kusema zaidi ya pengine. Lakini katika kazi yetu, mtambo ukifeli na sababu isithibitike, ripoti haiishii hapo. Tunaandika kwamba sababu haikuweza kuthibitishwa, kisha tunaorodhesha yale yanayoweza kuwa yalichangia. Mimi nilimpa mama mstari wa kwanza nikaificha orodha. "Sijui" yangu ilikuwa ya kweli lakini haikuwa nzima.

Nilijitetea kwa maneno mazuri. Nilisema heshima kwa mzazi ni pamoja na kujua lipi la kumwambia na lipi la kuacha. Nilisema mtu wa miaka sabini na minane, aliyebeba jambo miaka arobaini na tisa, hana la kufaidika kwa kuongezewa uzito, na kwamba ukweli usiomfaa aliye hai wala aliyekufa hauna haki ya kudai usemwe. Nadhani wengi wenu mngenipa mkono.

Binti yangu hakunipa. Nilipomweleza alinyamaza, kisha akasema, "Baba, Bibi alimzika mtoto. Unadhani una neno gani la kumtisha?" Nikamwambia hajui uchungu huo. Akasema, ni kweli, lakini na wewe huujui, na umemkatia mazungumzo mtu anayeujua. Aliona kwamba ninamfanyia Bibi vile vile ninavyomfanyia yule mtoto wa miezi tisa: namchagulia kitakachopita kwenye figo zake. Huyu binti amesoma sheria, na mimi ndiye niliyelipa ada.

Lililoniuma ni kwamba sikuwa na jibu. Nikafanya kile wanachofanya watu wa aina yangu wakikosa jibu: nikaenda kusoma. Nilisoma usiku kadhaa, na mawili kati ya niliyoyakuta yalinibadilisha.

La kwanza ni la hapa hapa Uingereza. Kuanzia mwaka 1940, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ilikuwa na maziwa yake ya unga kwa watoto wachanga, kwenye kopo lake, yakigawiwa kwa mama kwa bei nafuu. Yalikuwa maziwa ya ng'ombe yenye mafuta yake yote, yamekaushwa na kuongezwa vitamini. Mama wa Coventry alikuwa akiyakoroga kwa maji na kutia sukari. Kwa zaidi ya miaka thelathini watoto wa nchi hii walilelewa kwa kitu ambacho kwa figo zao hakikuwa mbali sana na kile alichokoroga mama yangu Muheza. Ni mwaka 1974 tu ambapo ripoti ya wataalamu wa serikali ilisema maziwa yasiyorekebishwa hayawafai watoto wachanga, na kabla ya muongo huo kwisha makopo yale yakaondolewa. Mwaka 1974! Mdogo wangu alizaliwa 1975. Elimu hiyo ilikuwa imetoka kwenye mashine ya chapa hapa London, na tulitaka imfikie mke wa karani wa mkonge kwa njia gani? Na ingemfikia, kopo angelipata wapi?

Hii haina maana kwamba hakuna wa kulaumiwa popote duniani. Elimu ilikuwepo, ilikuwa imelala kwenye lugha isiyo yake na kwenye bei isiyo yake, na hilo ni kosa, ila ni kosa la watu wengi waliokaa mbali naye.

La pili ni jipya zaidi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kulisha watoto wa miezi 6 hadi 23. Humo linasema kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 11 anayepewa maziwa mengine badala ya ya mama anaweza kupewa ya kopo, au ya mnyama. Ndiyo, hata ya mnyama, maadamu yamepashwa moto ipasavyo, hayakupunguzwa mafuta, hayakutiwa sukari, na mtoto apate chuma chake kwenye chakula. Ni pendekezo lenye masharti, na wenyewe wanasema ushahidi wake si mzito. Uingereza na Marekani zimebaki kwenye miezi 12. Kwa hiyo siku ile binti yangu alipokuwa amesimama juu ya ngazi na mtoto wake, na mama yangu amekaa chini na chupa yake, kila mmoja alikuwa na wataalamu wa dunia upande wake, ukiacha ile sukari.

Mhandisi hapaswi kushangaa. Sisi ndio tunaoandika kwenye lifti "watu 8", na tunajua kwamba akiingia wa tisa kamba haikatiki. Tumeweka akiba, kwa sababu hatujui watakaopanda ni wanene kiasi gani. Miezi 12 nayo ni kibao cha lifti. Siku moja kabla ya hapo mtoto hafi, na siku moja baadaye hageuki kuwa ndama. Kibao kimewekwa kwa ajili ya nchi nzima, pamoja na nyumba ambazo mtoto atakunywa maziwa tu na asipate kitu kingine. Je, anayejua kuwa kuna akiba ana ruhusa ya kuitumia? Mimi nasema anayeweza kuona mzigo wote ndiye mwenye ruhusa. Hapa ni mama wa mtoto, anayejua amekula nini, alipimwa lini, alizaliwa na uzito gani. Bibi aliyeachiwa mtoto siku mbili kwa wiki haoni mzigo wote. Wala babu mwenye shahada. Hapo binti yangu alikuwa na haki bila ya ripoti yoyote, na mama alikuwa amelisema kabla yangu aliposema mtoto ni wa mama yake.

*

Nilirudi kwa mama Jumapili, binti hayupo, mtoto amelala. Nikamwambia kwamba nilimjibu nusu. Nikamwambia kuwa upungufu wa damu unaweza kuwa ulianza na maziwa, na homa ikamkuta mtoto hana nguvu, na inawezekana pia ilikuwa homa peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu yeyote atakayesema kwa uhakika anamdanganya. Nikamweleza na yale makopo ya Waingereza. Nilizungumza muda mrefu, maana nilikuwa nikiogopa kunyamaza.

Mama akasema, "La maziwa sikulijua. La damu nililijua. Nesi aliniambia damu yake ndogo, akanipa dawa ya maji, ya chuma. Ilikuwa ikimtia meno weusi. Alikuwa na meno mawili." Akaonyesha kwa kidole kwenye mdomo wake, chini, mbele. "Ilipokwisha mvua zilikuwa zimekata barabara."

Nikamwuliza, basi Mama, siku ile uliniuliza ya nini?

Akasema, "Nilitaka nimsikie mtu mwingine akimtaja."

Hapo ndipo nilipofahamu ukubwa wa kosa langu, na halikuwa lile nililolisomea usiku kucha. Nilikuwa nikipima kama ukweli utamwumiza au hautamwumiza, kama vile ukweli huo ni mali yangu iliyomo mfukoni mwangu nami ndiye bwana wa kuutoa. Kumbe sehemu kubwa zaidi alikuwa nayo yeye, na sisi tuliobaki, kwa heshima zetu, tulimwachia aubebe peke yake miaka arobaini na tisa. Tulikaa hadi Alasiri. Aliniambia mengi ya mtoto yule, mengine ya kuchekesha. Sitayaandika hapa.

*

Kwa wale walioanza kusoma makala hii wakidhani nitawaeleza namna ya kumhamisha mtoto, nisiwanyime. Mjukuu wetu alitimiza mwaka mwezi wa Aprili 2025, na mama alikuwa bado hajaondoka. Nesi wa watoto anayepita majumbani alisema mtoto akishatimiza mwaka unaweza kubadilisha hata siku moja tu, lakini huyu wetu alionja akatema, ikabidi tumwendee polepole: kwanza robo ya maziwa ya ng'ombe na robo tatu za kopo, baada ya siku chache nusu kwa nusu, na kadhalika. Angalieni hapa: ya kopo ukoroge kwanza kwa maji kama kawaida, kwa kipimo chake, ndipo uchanganye. Usikoroge unga ndani ya maziwa ya ng'ombe, utakuwa umemrundikia figo zake mzigo mara mbili. Maziwa yawe ya kifuniko cha bluu, yenye mafuta yake yote. Ya kijani yangoje miaka miwili, na mekundu hata kabla ya mitano hayafai. Yale makopo ya "hatua ya pili" na "hatua ya tatu" wanaokuuzia, wataalamu wa afya wa hapa wanasema hayana haja. Na kabla ya mwaka, kopo la bei ya chini na la bei ya juu, yakiwa ni ya hatua ya kwanza, sheria inayalazimu yafikie kiwango kile kile cha lishe. Hilo mama alilifurahia kuliko yote.

Kiasi kisizidi sana. Maziwa yakikaribia nusu lita kwa siku inatosha, ili apate njaa ya chakula. Chuma chake sasa kitatoka kwenye nyama, dagaa, kunde, maharage, mchicha uliokamuliwa ndimu. Na chai ya maziwa, jamani, tusiwape. Najua tulipewa. Chai huzuia chuma kuingia mwilini.

Liko jingine ambalo watu wetu wengi hulisahau. Maziwa ya kopo yametiwa vitamini D. Maziwa ya ng'ombe ya Uingereza kwa kawaida hayana. Siku unapoacha kopo ndiyo siku ya kuanza matone ya vitamini, mikrogramu 10 kila siku kuanzia mwaka mmoja hadi minne, na kwa ngozi zetu na jua la huku hili si la kuahirisha. Wa Marekani ulizeni huko, maziwa yao huongezwa. Chupa nayo tuliiacha, tukampa kikombe, kwa ajili ya meno. Alikuwa nayo sita.

Asubuhi ya kikombe cha kwanza kisichochanganywa, mama aliyamimina maziwa kwenye sufuria, akayachemsha mpaka yakapanda, akayashusha, akayachemsha tena. Nikaanza kumweleza kwamba kiwandani yamekwisha kupashwa moto nyuzi 72 kwa sekunde 15 na kupozwa papo hapo, kwamba mitambo ya namna hiyo nimeifunga kwa mikono yangu na haina haja ya kurudiwa jikoni. Binti yangu akanitazama. Mama akauondoa utando kwa kijiko, akaupuliza, akampa mtoto kikombe akikishikilia kwa chini, na mtoto akanywa mpaka nusu, akakisukuma. Sufuria ilikuwa imeganda maziwa pembeni. Nikaichukua nikaiosha.